Mita 80 au mita 2: bendi ipi uanze nayo kusaka transmita iliyofichwa

Anayeingia kwenye mchezo wa kusaka transmita zilizofichwa ana uamuzi mmoja wa kufanya kabla hajanunua hata skrubu: asake kwenye mita 80 au kwenye mita 2, yaani kwenye bendi ya mawimbi ya redio yenye urefu wa takribani mita 80 au ya mita 2. Hizo ndizo bendi mbili zinazotumika kwenye mashindano ya kimataifa chini ya IARU, umoja wa vyama vya redio ya ridhaa, tangu mashindano ya kwanza ya dunia yalipofanyika Cetniewo, Poland, mwaka 1980. Kila bendi ina vifaa vyake na mitego yake, na hata namna ya kukimbia hubadilika.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kama unataka kusaka kwa miguu porini, au unafundisha vijana wa shule na maskauti, anza na mita 80. Kama tayari una leseni na redio ya mkononi, na hamu yako ni kusaka mjini au kumtafuta anayeharibu masafa ya klabu, chukua mita 2. Wengi hufanya kinyume kwa sababu redio ya mita 2 tayari wanayo mkononi, wanazungushwa na mawimbi yaliyogonga ukuta, na wanauacha mchezo kabla hawajauonja.

Mchezo wenyewe

Katika shindano la kawaida transmita tano hufichwa msituni, zote kwenye masafa yale yale. Ya kwanza hurusha kwa dakika moja kisha hunyamaza, inafuata ya pili, hadi ya tano, halafu zamu inarudi kwa ya kwanza. Kila moja hujitambulisha kwa msimbo wa Mosi (Morse), ule wa nukta na mistari: MOE, MOI, MOS, MOH na MO5. Hata asiyejua Mosi anaweza kuzitofautisha, kwa kuwa baada ya mistari ya MO kinachobadilika ni idadi ya nukta tu, kuanzia moja hadi tano. Karibu na mwisho wa njia kuna nyingine inayotuma MO tupu kwenye masafa yake, bila kupumzika. Transmita haifichwi chini ya mita 750 kutoka mahali pa kuanzia, na mbili haziwekwi karibu zaidi ya mita 400.

Msakaji ana ramani, dira na kipokezi. Ana sekunde 60 za kupata uelekeo wa transmita moja, na ikishanyamaza atakimbia dakika nne akitegemea alichokiandika kwenye ramani. Kwa hiyo pima kila kifaa kwa swali hili: ndani ya zile sekunde 60, kitanipa uelekeo ninaoweza kuuamini?

Mita 80

Wimbi la 3.5 MHz lina urefu wa mita 85 na ushee. Mbele ya wimbi refu kiasi hicho, jabali, mti, nyumba au lori ni vitu vidogo. Wimbi linavipita kama havipo. Uelekeo unaousoma kwa kawaida ndio uelekeo wa kweli, hata ukiwa bondeni na transmita iko nyuma ya kilima. Kwa anayejifunza hili ni jambo kubwa, kwa sababu akikosea anajua kosa liko kwenye mkono wake au kwenye ramani yake, na anaweza kulirekebisha.

Kipokezi chake ni kidogo, kinashikwa kwa mkono mmoja: rodi ya feraiti (kauri yenye sumaku iliyozungushiwa waya) au kitanzi cha waya, kijiti cha antena pembeni, kitufe kimoja, kinobu cha kupunguza nguvu, na hedifoni. Namna ya kukitumia inafaa kuelezwa kwa karibu, maana hapa ndipo mchezo unapokaa. Unakishika wima mbele ya kifua na kukizungusha polepole. Sauti inapanda kwa upana mkubwa, na masikio hayawezi kusema kilele chake kiko wapi hasa. Ukiendelea kuzungusha, kwenye pembe ya nyuzi chache tu sauti inazama karibu kupotea kabisa. Unarudi kidogo kushoto, inarejea. Kidogo kulia, inarejea. Katikati ni kimya. Katika kimya hicho rodi ya feraiti imelala kwenye mstari unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye transmita. Unasoma dira, unachora mstari.

Bado hujui kama transmita iko mbele yako au mgongoni, kwa sababu kimya kinapatikana pande zote mbili. Hapo ndipo kijiti kinapofanya kazi. Unageuza kipokezi robo mzunguko, unabonyeza kitufe, unasikiliza, kisha unakigeuza kielekee upande wa pili na kusikiliza tena. Upande wenye sauti kubwa ndio wa kwenda. Mwenye mazoezi hufanya yote haya kwa sekunde kama kumi, huku anatembea.

Udhaifu wa mita 80 ni nyaya. Waya mrefu wa umeme, seng'enge ya shamba au reli hulinasa wimbi na kulirusha upya, na ukisimama karibu, kipokezi kitakuelekeza kwenye waya. Kwetu Afrika Mashariki nyaya za umeme hufuata barabara, na barabara ndiyo njia rahisi ya kukimbilia, kwa hiyo mtego huu uko wazi kila siku. Dawa yake ni kuingia ndani ya pori mita makumi kadhaa kabla ya kupima. Udhaifu wa pili ni radi. Msimu wa mvua, ngurumo za mbali husikika kwenye bendi hii kama mkwaruzo usiokoma, na usiku stesheni za mbali nazo huingia. Saka mchana: jua likiwa juu, tabaka la chini la ionosfia, anga la juu lenye chaji za umeme, hunyonya mawimbi ya mbali na bendi inatulia.

Vipokezi vya kujiunganishia vya mita 80 ni vya bei ndogo. Kinachojulikana zaidi ni PJ-80 kutoka China, ambako hutumika kufundishia wanafunzi. Saketi yake ya ndani ni nyepesi, hakijirekebishi sauti chenyewe, na mtumiaji ndiye anayepunguza nguvu kwa kidole. Naona hiyo ni faida kwa mwanafunzi: kidole chake kinajifunza umbali. Walioshindana kwa muda hupendelea vipokezi kama FoxRex cha Mjerumani Nick Roethe, ambacho ni chepesi kukisikiliza na hakihamihami masafa, lakini mwanafunzi wa kwanza hahitaji kufika huko.

Kuna jambo lingine linalonifanya niipe mita 80 kura yangu kwa shule na skauti. Aina mbili za mashindano mafupi huchezwa kwenye bendi hii. Sprint ina transmita zinazorusha sekunde 12 kila moja, zamu nzima ikiisha kwa dakika moja, katika eneo dogo. FoxOring hutumia transmita dhaifu kabisa zinazosikika ukiwa umeshazikaribia. Ramani inakuonyesha duara, unafika hapo kwa dira, halafu kipokezi ndicho kinachomalizia. Zote mbili zinaenea kwenye uwanja mkubwa wa shule wenye miti, na mwalimu haogopi kupoteza mtoto.

Mita 2

Kwenye 144 MHz wimbi lina urefu wa mita mbili hivi, na dunia nzima inageuka kuwa vioo. Bati la paa, ukuta wa ghorofa, lori lililoegeshwa, jabali upande wa pili wa bonde: kila kimoja kinaweza kulirudisha wimbi likakufikia kwa nguvu kuliko lile la moja kwa moja. Majani yaliyolowa hulinyonya, hivyo msitu wa asubuhi baada ya mvua si msitu ule ule wa mchana.

Mfano halisi wa kilimani. Transmita iko nyuma ya ukingo upande wako wa kushoto, chini ya mstari wa macho. Upande wa kulia, ng'ambo ya bonde, kuna mwamba mkubwa. Antena yako itasema kulia, kwa sauti nzuri kabisa, na ukiiamini utashuka bonde zima na kulipanda tena bure. Anayeijua mita 2 hakubali uelekeo mmoja. Anatembea hatua hamsini na kupima upya, anapanda mahali pa juu, analinganisha. Uelekeo wa uongo hurukaruka ukibadilisha mahali; wa kweli husogea taratibu kwa namna inayokubaliana na ramani. Mjini mawimbi hufuata barabara kati ya majengo, kwa hiyo katikati ya mtaa kipimo chako kitasema "mbele" au "nyuma" na si zaidi. Pima kwenye makutano, au juu ya paa.

Ujuzi huu ni mgumu, na ni wa thamani. Hapo ndipo mita 2 inapoishinda mita 80 waziwazi, kwa sababu kazi nyingi za kweli za kutafuta mawimbi ziko kwenye masafa ya jirani zake. Vifaa vya dharura vya ndege huita setilaiti za Cospas-Sarsat kwa 406 MHz. Setilaiti ziliacha kusikiliza 121.5 MHz tarehe 1 Februari 2009, lakini vifaa hivyo bado hutoa mlio wa 121.5 ili timu iliyofika karibu na ajali iufuate kwa antena ya mkono. Watafiti wa simba Serengeti wamefuatilia wanyama waliovishwa kola za redio kwa antena za namna hiyo hiyo. Anayetaka ujuzi wa kazi hizo aanzie mita 2 na avumilie.

Kabla ya kununua chochote cha mita 2, uliza utasaka wapi. Kwenye mashindano ya IARU transmita za mita 2 hutuma mlio kwa AM, na antena zake zimelala, kwa hiyo na yako lazima ilale. Kwenye misako ya klabu watu hutumia FM na antena zilizosimama. Kipokezi cha FM hukata tofauti za nguvu kabla hazijafika masikioni: transmita ikiwa karibu, sauti ni ile ile ukielekea huku au kule. Unabaki na upau wa nguvu kwenye kioo, na kwenye redio nyingi za bei ya chini upau huo huruka kutoka tupu hadi kujaa bila ngazi za katikati. Redio ya namna hiyo inafaa kwa kuongea; kwa kusaka inahitaji msaada, na msaada wenyewe naueleza hapa chini.

Antena ya mita 2, kwa upande mwingine, ni kazi ya mchana mmoja. Ninayoipendekeza ni ile ya tepu ya fundi iliyobuniwa na Mmarekani Joe Leggio. Unakata tepu ya chuma ya kupimia na kuifunga kwenye bomba la plastiki la maji. Kipande cha nyuma sentimita 105. Cha katikati ni nusu mbili za sentimita 45 kila moja, zikiachana sentimita mbili na nusu. Cha mbele sentimita 89. Kutoka cha nyuma hadi cha katikati ni sentimita 20, kutoka cha katikati hadi cha mbele ni 32. Kebo ya antena inalehemiwa kwenye zile nusu mbili pamoja na waya mfupi wa sentimita 13 uliokunjwa kama herufi U. Kwangua rangi ya tepu mpaka chuma king'ae, la sivyo risasi ya kulehemia haishiki. Uzuri wa tepu ni kwamba ukipita kichakani inapinda na kurudi, wakati antena ya bomba la aluminiamu inakwama au kuvunjika. Antena ya aina ya HB9CV yenye vipande viwili ni fupi na nyepesi kwa anayekimbia, ila kuirekebisha kunataka vipimo.

Mita mia za mwisho

Watu hulinganisha vifaa kwa umbali vinavyosikia. Mimi navilinganisha kwa vinavyofanya karibu, kwa sababu hapo ndipo wengi hushindwa. Ukitoka kilomita moja hadi mita moja kutoka kwenye transmita, nguvu inayoingia kwenye kipokezi chako inaongezeka takribani mara milioni. Redio ya kawaida imejaa muda mrefu kabla ya hapo, na ikijaa, kila upande ni sawa.

Mita 80 hapa ni rahisi mno. Unapunguza kwa kinobu, na kimya cha feraiti kinaendelea kuwepo hadi unaposhika transmita kwa mkono, mradi kisanduku cha kipokezi kiwe cha chuma au kimekingwa vizuri.

Mita 2 ina shida ya ziada: redio ya mkononi ina kasha la plastiki, na transmita ikiwa mita ishirini mawimbi hupenya kasha moja kwa moja bila kupitia antena. Ukiweka rezista za kupunguza nguvu kwenye kebo, hazisaidii, kwa kuwa mawimbi hayapiti tena kwenye kebo. Suluhisho ni kisanduku kidogo cha kuhamisha masafa: osileta (saketi inayotengeneza wimbi) ya kristali ya 4 MHz, dayodi moja ya kuchanganyia, kinobu na betri, kati ya antena na redio. Kama transmita iko 145.500, wewe unasikiliza 149.500. Kwenye masafa hayo mapya hakuna kinachopenya kasha. Unachosikia ni kile tu kilichopita kwenye antena na dayodi, na kinobu kinakipunguza utakavyo. Unapunguza mpaka mkwaruzo uanze kufunika sauti, unazungusha antena, na upande wenye mkwaruzo mdogo ndio wenyewe. Kwa kisanduku hiki hata ile redio yenye upau usio na ngazi inakuwa kifaa cha kusakia. Ukichagua mita 2, kiunde siku ile ile unayounda antena. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi.

Kama huna kisanduku, kuna njia tatu za kuponea. Sogeza masafa pembeni kwa kilohezi tano au kumi. Au sikiliza mara tatu ya masafa, yaani 436.5 kwa transmita ya 145.5, ambako wimbi linalovuja ni dhaifu sana. Au ng'oa antena, bana redio kifuani na ujizungushe: sauti inapofifia zaidi, transmita iko mgongoni kwako, mwili wako ukiwa ndio ukuta.

Aliye tayari kutumia fedha kwenye mita 2 aangalie Sniffer ya kutoka Australia, kipokezi kinachopunguza nguvu chenyewe na kupandisha mlio kadiri unavyokaribia. Unakimbia ukiangalia njia, masikio yanafanya mengine.

Vifaa vya gari

Hivi ni vya mita 2 na juu yake, na navipitia haraka kwa sababu anayeanza havimhusu sana. Dopla, kifaa chenye antena nne juu ya paa la gari, huwasha taa kwenye duara kuonyesha upande. Hufanya kazi vizuri gari likitembea, kwani makosa ya mawimbi yanayorudi hujisawazisha, na hubabaika gari likisimama kati ya majengo. Antena mbili zinazobadilishana kwa kasi, zenye mlio unaopotea ukizielekeza sawasawa kwenye transmita, ni za bei ndogo na zinakubali redio yoyote ya FM, ila hazikwambii umebakiza umbali gani. KrakenSDR ina vipokezi vitano vinavyofanya kazi kwa pamoja kati ya 24 na 1766 MHz na kuchora matokeo kwenye ramani ya simu. Kwa klabu inayosumbuliwa na mtu anayekalia ripita (mtambo unaorusha upya mawasiliano ya wanachama), naona inafaa fedha yake kuliko Dopla. Mita 80 haifikii. Na vyote vitatu vinakuleta hadi mtaani. Kutoka hapo unateremka na antena ya tepu. Ukishampata msumbufu, andika vipimo na uvipeleke kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya. Usigonge mlango.

Upande wa anayeficha

Klabu inapochagua bendi husahau kwamba lazima mtu aunde transmita. Ya mita 2 ni ndogo, antena yake inafungwa juu ya nguzo fupi, na unaweza kuificha popote. Ya mita 80 inahitaji waya uliosimama wa mita kadhaa ukining'inia mtini na mwingine uliolazwa chini, kwa hiyo kuificha kunataka mti mzuri. Lakini saketi yake ya ndani ni rahisi sana: kristali ya 3.579545 MHz, iliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya televisheni za Marekani na simu za mezani za vitufe, inaangukia ndani ya bendi. Fundi anayefungua simu mbovu za mezani huenda anayo kwenye kopo. Usiitafute kwenye televisheni za zamani za kwetu. Za mfumo wa PAL zina ya 4.43, ambayo iko nje ya bendi. Bendi yoyote utakayochagua, kurusha kunahitaji leseni ya redio ya ridhaa, na transmita lazima ijitambulishe.

Anayesubiri leseni anaweza kuanza mazoezi ya mita 80 leo bila kurusha chochote. Chukua redio ndogo ya zamani yenye mawimbi ya kati, ile ya AM. Ndani yake kuna rodi ya feraiti, imelala kufuata urefu wa kasha. Nenda mahali pa wazi mbali na nyaya za umeme, mchana, fungua kituo ambacho mnara wake unajua ulipo, na uizungushe ikiwa imelala kiganjani mpaka sauti izame. Angalia mstari wa kasha unaelekea wapi, soma dira, linganisha na ramani. Kituo kikiwa na nguvu sana redio itajaribu kuipandisha sauti yenyewe na kimya kitakuwa chembamba, kwa hiyo zungusha polepole zaidi. Kisha sogea kilomita mbili tatu pembeni upime tena. Mistari miwili ikikatana kwenye mnara, mkono wako uko tayari kwa feraiti ya 3.5 MHz.